Siku Msambweni Ilipodhani Tuna Harusi

Mimi nimesoma gumbaru, darasa la watu wazima, tena nimemaliza, na siku ya kumaliza nilipiga kigelegele kilichosikika mpaka Tanga. Niliingia darasani baada ya kuachana na mume aliyekuwa akinipiga, na humo ndimo nilimokutana na wanawake wengine waliotoka kwenye moto kama wangu. Tukaunda kikundi. Kila Alhamisi alasiri tunakaa nyuma ya nyumba yangu, Msambweni, tukisuka ukili wa mikeka na kuzungumza. Ukili una faida yake: macho yanakuwa kwenye miyaa, na mtu anaweza kutoa neno zito bila ya kutazamwa usoni.

Tuna sheria moja. Aliyeumizwa ndiye anayesema, na hakuna wa kumsemea. Kwangu mimi hiyo ni kazi kuliko kulima Mkongani nzima kwa kijiko, maana naweza kuanza maneno Ukunda nikayamaliza Lungalunga bila ya kuvuta pumzi.

Mwaka jana alijiunga nasi binti wa jirani, fundi cherehani, aliyekuwa amemkimbia mumewe na kurudi kwa babake. Alisuka kimya Alhamisi nyingi. Siku moja akasema, bila ya kuinua macho:

"Jumapili wanakuja kunichukua. Wazee wa kwao. Na baba atakubali."

Sote tulijua mambo yanavyokwenda. Wazee wa mume huja na halua, wakapikiwa kahawa, wakaomba radhi huko ndani, wanaume kwa wanaume. Vikombe havijakauka, mke ameshafunga furushi.

"Na wewe wataka nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Sitaki kurudi."

"Babako umemwambia?"

"Hajaniuliza, shangazi."

Tukakubaliana kwenda kukaa naye Jumapili hiyo. Mmoja wetu akashauri tuvae sare, wale wageni wajue tuko pamoja. Leso tulizinunua Kombani, nyekundu za kuumiza macho. Ndege ingeweza kutua Diani kwa kuzifuata.

Wasomi wazima sisi, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba hapa kwetu wanawake wakipita njiani Jumapili kwa mstari, wamevaa leso za namna moja, maana yake ni moja tu. Tulipofika kwa binti, nyuma yetu kulikuwa na mtaa mzima. Mmoja kabeba sufuria ya kupikia pilau, mwingine mchele, na bibi mmoja mzee, mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha samaki, alikuwa na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani.

"Shoga, harusi haina hata taarifa!" akanipigia kelele. "Mlitaka kula peke yenu?"

Kabla sijamjibu ameshaingia sebuleni, na sisi nyuma yake. Wazee watatu wa mume walikuwa wameketi, halua katikati, na baba wa binti ameshika kikombe. Binti alikuwa ukutani.

"Assalaam alaikum," akasema bibi. "Bwana harusi ni yupi kati yenu? Nyote mmechakaa."

"Hakuna harusi hapa, mama," akajibu mkubwa wa wale wazee. "Haya ni mambo ya ndani."

"Mambo gani?"

Mzee akatazama halua. Baba akatazama kikombe. Madirishani kulijaa vichwa. Naapa, ulimi wangu ulikuwa unacheza kinywani kama pweza. Nilikuwa na hotuba tayari, ndefu, nzuri, yenye vituo vyote. Nikauma ncha ya leso. Nikamtazama binti, nikangoja.

"Nilipigwa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nje walinyamaza wakasikia. "Nilipigwa mpaka nikavunjwa mkono. Hawa wamekuja kunirudisha kwa aliyenivunja."

Bibi akaweka mbuzi yake chini, pale pale mlangoni, akaikalia. Sasa hapakuwa na wa kutoka wala wa kuingia.

"Haya," akasema. "Twasikiliza."

"Kijana amejuta," mzee akaanza. "Sisi kama wakubwa tunaomba radhi, na baba mtu ni mwungwana, anajua—"

"Sikukuuliza wewe," bibi akamkata, na kidole akamwelekezea baba wa binti. "Nakuuliza wewe. Mwanao amekwambia nini?"

"Sikumuuliza," akasema baba. Kisha akaweka kikombe chini na kumgeukia bintiye. "Wataka nini, mama?"

"Sirudi, baba. Nataka twende kituo cha polisi nikaandikishe taarifa, halafu kwa kadhi nipate talaka yangu."

Baba akasimama. Halafu akawaambia wageni, kwa adabu zote za pwani, kwamba wamesikia, na kwamba njia ya kwao wanaijua. Mkubwa wao akanyoosha mkono achukue halua.

"Hiyo iacheni," akasema bibi. "Halua haikumpiga mtu."

Akawapisha. Vigelegele vilivyopigwa hapo sina haja ya kuvitia chumvi.

Mchele ulikuwa umeshakuja na sufuria imeshakuja, basi tukapika. Binti alikula sahani mbili, akacheza na sisi uwanjani mpaka leso ikamwanguka.

Asubuhi yake tulimsindikiza kituoni, babake akiwa mbele. Askari alituangalia sote, akauliza mlalamishi ni nani na nani atamsemea. Baba akafungua mdomo. Nikamgusa bega. Binti akavuta kiti, akaketi, akasema, "Ni mimi, na nitasema mwenyewe."