Matairi Sita ya Baba Eunice

Mwahija Abdulwahab ni fundi wa matairi pale Nyasubi, mjini Kahama, na ukitaka kumkasirisha mwambie ajaze upepo tairi la lori nje ya kizimba. Kizimba chenyewe alikichomelesha kwa mabomba mazito, na kila tairi la ringi linaingia humo kabla ya kuonja upepo. Mafundi wenzake wa barabara ile wanamcheka. Wanasema Mama Zuhura, ndivyo wamwitavyo, anafuga matairi kama kuku.

Yeye huwaacha waseme. Ringi ni ule mkanda wa chuma unaoshikilia tairi kwenye rimu. Usipokaa sawasawa, upepo ukijaa unaruka na kwenda na chochote kilicho mbele yake. Mzee Abdulwahab, baba yake, aliyefika Kahama kutoka Pangani akiwa utingo na asiondoke tena, alipigwa na ringi Mwahija akiwa darasa la sita. Alipona, lakini taya lilibaki limekwenda upande, na mpaka anafariki alitafunia meno ya kushoto tu. Gereji alimwachia binti huyu, maana ndiye peke yake kati ya watoto watano aliyependa harufu ya mpira.

Mwezi Machi mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, liliingia lori ambalo watu walilisikia kabla hawajaliona. Lilikuwa la jeshi zamani, likastaafu, likauzwa mnadani. Mwenye nalo alikuwa amelipaka rangi ya njano, akaondoa turubai na kuliwekea bodi ya mbao. Alishuka akicheka: Bartholomeo, mzee wa miaka sitini hivi, tumbo mbele, mkazi wa Buseresere. Kazi yake ni kupeleka unga na matimba machimboni. Matimba ni yale magogo wachimbaji wanayoegemezea kuta za mashimo zisiwafukie.

"Shikamoo, Baba Eunice," Mwahija alimwamkia. Walikuwa wakijuana kwa kuziba pancha.

"Marahaba, Mama Zuhura. Nimekuletea viatu uvivalishe."

Nyuma, kwenye bodi, yalilala matairi sita na rimu zake. Yaliposimamishwa chini yalimfika Mwahija kifuani, na Mwahija si mfupi. Bartholomeo aliyatoa kwenye gari kubwa zaidi la aina ileile lililokufa Shinyanga. Mafundi wawili wa barabara kuu walikuwa wameyatazama, wakamtazama na yeye, wakasema wana kazi nyingi.

"Njia ya machimbo imekatika siku ya tano leo," alieleza. "Pale bondeni tope linameza trekta. Watu huko hawana unga. Nifungie leo, kesho niondoke."

"Leo hapana."

"Mama Zuhura!"

"Baba Eunice, nikikufungia leo, kesho utaondoka na kesho kutwa utazikwa. Kaa hapo unywe chai."

Alikaa, akanywa chai siku mbili. Mwahija alizisugua rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, kisha akazigonga ringi moja moja kwa nyundo ndogo huku ameinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua. Tano ziliimba. Ya sita ilitoa sauti ya sufuria bovu. Aliisafisha kwa dizeli, akamwonyesha Bartholomeo ufa mwembamba kama unywele. Ikabidi mzee apande basi kurudi Shinyanga kutafuta nyingine, akinung'unika njia nzima, na jioni akarudi nayo begani amefurahi kama mtu aliyeokota dhahabu.

Siku ya tatu asubuhi walianza kujaza. Manne yalikubali vizuri. La tano lilikuwa kizimbani, Mwahija amesimama mbali na mpira mrefu wa kompresa mkononi, na Bartholomeo anauliza kwa mara ya kumi kama haya mabomba ya kuku yana faida gani, ndipo mlipuko ukatokea. Vumbi liliruka. Jirani yao Marwa, mchomeleaji kutoka Tarime, alijikuta amelala kifudifudi na kinyago chake usoni. Ringi ilikuwa imenasa kati ya mabomba mawili, na bomba moja limepinda kwa nje kama upinde. Kama si bomba lile, lingekuwa tumbo la Baba Eunice.

Hakuna aliyecheka. Bartholomeo alikaa juu ya ndoo, akavua kofia.

"Mama Zuhura," alisema baadaye, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "lisafishe tena. Hata wiki nzima nitakaa."

Mwahija alizima kompresa. Alinawa, akanywa maji, akaisugua rimu ile upya. Akakuta punje ya kutu iliyojificha kwenye mfereji wa ringi, ndogo kuliko punje ya mtama. Safari ya pili tairi likakaa, na la sita likafuata.

Mchana walilifunga lori, jeki mbili zikilia. Usukani ulipozungushwa, matairi ya mbele yaling'ata madigadi, basi Marwa akayakata madigadi hayo na kuongeza bamba moja la springi kila upande. Kufikia alasiri lori lilisimama juu ya miguu yake mipya, refu, la njano, linachekesha na kutisha kwa pamoja. Wanawake waliotoka sokoni walisimama kulitazama. Bartholomeo alipanda kwa kujivuta kama anayepanda mnazi, akawasha, akasogea kwenye geti, akasimama.

Lori halikupita. Boriti ya chuma iliyounganisha nguzo za geti ilikuwa chini ya paa la kebini kwa vidole vinne.

Walitoka wote kutazama. Boriti ile aliipandisha Mzee Abdulwahab mwenyewe, na juu yake alichomelea herufi za nondo: ABDULWAHAB NA WANAWE. Wana wenyewe walikwenda Dar es Salaam na Mwanza. Aliyebaki ni binti.

"Tutoe upepo kidogo, nipite, tujaze nje," alisema Bartholomeo.

"Kidogo hakitoshi. Tukitoa mwingi ringi zitalegea, na zikilegea zote sita zinarudi kizimbani."

Marwa alikuwa ameshika tochi yake ya gesi, lakini hakuiwasha. Alimjua Mzee Abdulwahab. Ndiye aliyempa kona ya kuchomelea alipofika mjini hana hata koleo.

Mwahija aliitazama boriti. Alikumbuka alivyomshikia baba yake herufi ya W, akilalamika kuwa ni ya moto, na mzee akimwambia ashikilie, jina refu halina njia ya mkato.  Kisha akaona uso wa Bartholomeo, na akawafikiria watu waliokaa siku saba bila unga.

"Kata," alisema. "Herufi uzitoe nzima. Kesho kutwa uziweke ukutani. Hiyo ya NA WANAWE tutaijadili."

Marwa alicheka kwanza, ndipo akawasha.

Kulipokucha waliondoka na magunia themanini ya sembe, matimba juu yake, na Mwahija kwenye kiti cha abiria, zana zake na pampu miguuni. Hakwenda kutembea. Nati zilizofungwa upya hulegea baada ya mwendo na lazima zikazwe tena, na kazi hiyo hakutaka kumwachia mtu. Alizikaza Masumbwe, akazirudia Runzewe, huku Bartholomeo akisimulia habari za nchi nzima. Walipoacha lami, tope lilianza.

Bondeni walikuta trekta limezama mpaka kiti, na wenye trekta wameketi ng'ambo wanakula miwa. Lori liliingia, likaenda vizuri hadi katikati, kisha likaanza kuzungusha magurudumu mahali pamoja na kushuka taratibu.

"Usikanyage mafuta!" alipiga kelele Mwahija. Alishuka, tope likampokea magotini. Alizunguka tairi moja moja, akitoa upepo kwa kidole, akisikiliza sauti yake inavyoshuka, asipitilize. Matairi yalilala kidogo, yakatandaza tumbo juu ya tope.

"Haya, Baba Eunice. Polepole, kama unaendesha mayai."

Lori lilitikisika, likanguruma, likaanza kutambaa. Mwahija alitembea kando yake, kanga kiunoni, ndala moja imebaki bondeni moja kwa moja. Walipotoka ng'ambo, wale wala miwa walisimama na kupiga makofi.

Machimboni watu walilikimbilia lori kabla halijazima. Paskalina, mama anayepikia wachimbaji, hakungoja hata salamu. Aliondoka na gunia lake kichwani, na muda si mrefu kulinukia ugali. Alimletea Mwahija sahani ya kwanza, na samaki furu wa kukaanga pembeni.

"Kumbe fundi ni wewe, dada?" alimwuliza, akimtazama tope lililokauka miguuni.

"Ndiyo mimi."

"Matairi yote hayo?"

"Yote."

Paskalina alifikiri. "Nina toroli langu la maji, lina pancha tangu Krismasi."

Mwahija alimeza tonge, akasema alete. Toroli lilipofika lilifuatwa na jingine, kisha pikipiki tatu, kisha mtu na baiskeli isiyo na tairi kabisa, ila ana matumaini. Bartholomeo alishusha magunia yake yote, akalala, akaamka, akakuta foleni imefika kwenye duka la betri.

"Mama Zuhura, tuondoke!"

"Leo hapana," alijibu Mwahija, ametumbukiza tyubu kwenye beseni la maji, anatafuta mapovu. "Kaa hapo unywe chai."

Walirudi Kahama siku ya tatu, Mwahija amevaa viatu vya plastiki vya Paskalina.