Ule Mfuko wa Damu Haukuwa Wangu

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka viganja vinaloa jasho. Hasira zako ni zangu tupu, basi kaa nikuambie.

Mama yangu, bibi yako, alilazwa hospitali ya misheni kwa uvimbe kwenye kizazi. Damu ilishamtoka mpaka midomo imekuwa myeupe. Daktari akasema atapasuliwa kesho, ila damu ya kundi lake imeisha, ndugu tutoe. Nikatoa mimi. Ikapimwa, ikawa safi. Mimi fundi pikipiki wa kujifunza mwenyewe, lakini namba ya ule mfuko niliiandika kiganjani kwa peni, nikakaa mlangoni pa maabara kuulinda. Ndiyo, kuulinda! Nilidhani hospitali ni kama gereji, ulicholeta ndicho unachoondoka nacho.

Mchana akaletwa mwanamke kutoka Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa. Kajifungua, damu haikatiki, wamemvusha kwa mtumbwi ndipo wakapata gari. Mume wake kaptula inachuruzika maji, kakumbatia viatu vya mkewe. Mara nesi mkuu, Mama Subi, akatoka maabara na mfuko. Nikasoma namba. Yangu!

Nikaziba mlango. "Hiyo haitoki! Ni ya mama yangu!"

"Gwe, nipishe."

"Sipishi! Kesho mtampasua na nini? Mtamwekea maji ya ziwa?"

Hakupandisha sauti. "Mama yako anaongea. Asubuhi kanisimulia mpaka ugomvi wako wa kule Busale. Huyu haongei tena. Hospitali hii haina tajiri wa kugawiwa faida, kijana. Hata mimi, friji la damu si langu. Kinachoingia humu ni cha anayekaribia kufa kwanza."

Yule mume alinitazama tu, viatu kifuani. Nikapisha. Lakini nilishachelewesha, na zile sekunde nazihesabu mpaka leo.

Mama akasikia. "Ulimzibia mlango mwenzio? Utaniua kwa aibu kabla ya huo uvimbe."

Upasuaji ukaahirishwa. Nikazunguka na pikipiki vijiji vya Ndandalo na Busale kuomba damu, nikiwafuata watu mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Huyu anaogopa sindano, yule kundi haliendani. Nikirudi wodini, mama akikohoa tu naruka. Siku tatu ikawa hivyo.

Siku ya nne mfuko ukapatikana. Nikauliza, wa nani? Mama Subi akanionyesha: namba tu, hakuna jina. Mama akapasuliwa, akapona. Mpaka leo sijui ile damu ni ya nani.

Yule wa Ikombe alitoka kabla yetu, mtoto kifuani. Mumewe akanishika mkono: "Ndaga, kaka." Ananishukuru mimi! Nilitazama chini.

Basi mwanangu, sikwambii uache kumpigania mama yako. Mpiganie. Ila ukitoa kitu pale, kiachie, usikifuate mlangoni. Tena usingoje mtu wako alazwe ndipo ukimbie huku na huku kama mimi. Nenda ukatoe sasa, ukiwa mzima. Mimi naenda kila wakiniruhusu, na kila nikipita njia ile moyo unadunda: leo friji lina kitu?

Mungu akuepushe kuusubiri ule mfuko. Na siku ukiusubiri, ukute kuna mtu asiyejua hata jina lako, aliyewahi kufika kabla yako akatoa.