Nilivyoukaribishia mvule mashoka

Leo nimekaribisha mashoka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulitoka Wete mie na mke wangu, kutembea tu, kuona wanavyokata miti ya mbao msitu wa Ngezi.

Jamani, ule mvule. Nimetazama juu mpaka kofia ikaanguka, na kilele sikukiona.

Wakataji wa huku hawagusi mti mpaka wabishe hodi. Ndege akilia au jani likianguka, wamekaribishwa. Kukiwa kimya, wanauacha.

Mzee Hamadi, mkubwa wao, akabisha. Kimya.
Akabisha tena. Hata upepo hakuna.

Alipobisha mara ya tatu, mie niliyesimama nyuma ya shina nikaitika: "Karibuni."

Mazoea tu, wenzangu.

Mashoka yakanyanyuka. Mke wangu akajishika mdomo. Mzungu wa idara ya misitu, aliyekuja kuwasimamia, akatazama saa yake.

Mzee Hamadi akazunguka shina, akaniona. Hakucheka.

"Aliyetukaribisha ndiye mwenyeji. Tuingie, Bwana?"

Nikatazama juu tena. Sauti ikanitoka ndogo:

"Tuwieni radhi, Mzee. Wenyewe hawapo."

Akainamisha kichwa. "Basi tutapita Jumatatu."

Nani atafuatana nami Jumatatu, tukanyamaze?