Jina Ambalo Bibi wa Bububu Hakulitaja

"Hana usemi," mwalimu wetu alisema huku anaandika, na Bibi mwenyewe kakaa mbele yake anamsikia. Hapo ndipo subira iliponishinda. Nikamweka mwanangu begani, nikasimama, nikamwambia, "Usemi anao. Wewe ndiye uliyemuuliza swali lisilo adabu."

Tulikuwa wanafunzi wachache tuliomaliza sekondari, tukachukuliwa na spitali tufundishwe kuwarejeshea watu usemi: waliopigwa na kiharusi, na watoto waliochelewa kusema. Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi. Mwalimu wetu, kijana wa hapa hapa mjini, ndio kwanza karejea kutoka masomoni Ulaya. Siku hiyo ilikuwa ya mtihani. Kila mwanafunzi alileta mgonjwa aliyemfundisha mwenyewe. Mgonjwa akishindwa, mwanafunzi naye kashindwa, na kazi hapati.

Wangu alikuwa Bibi mmoja wa Bububu. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na kimya. Nikizikumbuka asubuhi zetu sasa, naona kama niliziota. Chumba kina madirisha marefu ya mbao, jua linaingia vipande vipande, vumbi linaelea. Nawasha mshumaa baina ya nyuso zetu. "Pa," nasema mimi, mwali unainama kwa pumzi. Bibi anafungua mdomo, mwali umesimama wima kama haukumwona. Mwanangu kalala mapajani mwangu ndani ya kanga, ananyonya usingizini, midomo inacheza. Bibi alikuwa akimtazama yeye kuliko anavyonitazama mimi. Siku moja wote wawili walitoa sauti ile ile, mwali ukainama, na mpaka leo sijui ni nani aliyeuinamisha.

Tokea hapo maneno yakaja polepole, kama watu wanaoamka. Papai. Maji. Mwanangu. Nikawa nikilala naota midomo, midomo mitupu inapita juu ya mapaa ya mji, kila mmoja unatafuta neno lake. Mume wangu aliniambia nnazungumza usingizini. "Pa, pa, pa, mpaka alfajiri. Mtu akipita dirishani atadhani nimeoa pikipiki."

Siku ya mtihani Bibi alijibu. Jina lake alilitaja. Alipoulizwa anakaa wapi, Bububu ilimkwama kidogo, ikatoka. Kisha mwalimu akasoma katika karatasi aliyokuja nayo kutoka Ulaya: "Mumeo anaitwa nani?"

Bibi akainamisha uso. Mume mwenyewe alikuwa ukumbini nje ya mlango, kikapu cha machungwa magotini, tunamsikia anakohoa. Mwalimu akauliza tena, kwa sauti kubwa, kama anasema na kiziwi. Bibi akavuta ncha ya buibui mdomoni.

Kwetu mwanamke wa rika lile hamtaji mumewe kwa jina. Humwita baba fulani, au mwenyewe. Hata kabla ya kiharusi jina hilo halijapata kutoka kinywani mwake. Mimi nalijua hilo, na mwalimu analijua. Ndipo alipoandika kuwa hana usemi, nami nikasimama.

"Spitali hakuna mila," akanijibu. "Kuna aliyejibu na asiyejibu."

"Mama yako alikuwa akimwita baba yako kwa jina?"

Uso ukambadilika. "Toka nje na mtoto wako."

Nikatoka. Bibi akanifuata anaburuza mguu, akanishika mkono pale ukumbini, akasema neno moja moja, "Yule... kalelewa... na nani?"

Mzee wake akacheka mpaka machungwa yakabingirika sakafuni. Mimi sikucheka. Bibi hajapata kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na aliyepaswa kuyasikia keshafunga mlango.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya wizara ya afya. Nilipita Forodhani, mtoto kiunoni, na bahari sikuiona. Karani alikuwa mtu mzima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Nina malalamiko. Nataka yaandikwe, yapigwe muhuri."

Akaandika kama nilivyosema: kwamba mgonjwa wangu alipimwa kwa swali ambalo mke mwenye heshima zake hatolijibu hata akiwa mzima, kwamba mwalimu alilijua hilo, akalipuuza, kwamba naomba Bibi asikilizwe upya, na mtihani wangu usifungwe mpaka hapo.

"Jina lako?" Nikalitaja.

"Wakaa wapi?" Nikasema.

"Jina la mume?"

Nikafungua mdomo. Mimi, msichana wa skuli, nisiyemwogopa mtu. Jina naliona limesimama mbele yangu kama ule mwali, wala haliinami. Karani anangoja, kalamu kainyanyua. Mtoto akasema pa.

"Andika na hili," nikamwambia. "Mlalamikaji naye kaulizwa jina la mumewe, kanyamaza. Na usemi anao."

Akaandika, akapiga muhuri.