Tyubu Iliyozunguka Ukoo

Mamangu alikuwa mpakaji hina hapo Kisauni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini choa kilimshika mikononi, mabaka ya mviringo yasiyomwacha alale. Binamu yangu alikuwa ameposwa, harusi imebaki wiki tatu, na katika ukoo wetu hakuna bibi harusi aliyewahi kupakwa hina na mkono mwingine. Lakini nani angekubali kushikwa na mikono ile?

Malhamu tulikuwa nayo. Tyubu moja ikizunguka, leo kwetu, kesho kwa shangazi Likoni. Muwasho ukitulia, unampa mwenzio. Kuikalia ni uchoyo. Mara hii haikufaa kitu, nami sikushangaa. Nilijua muuza dawa ameichakachua. Nilikwenda dukani kwake nikanusa tyubu moja moja, akanitoa nje.

Nikampeleka mamangu hospitali. Daktari alikuwa kijana mno. Sikumwamini tangu alipotuamkia. Alituuliza habari za tyubu, akatikisa kichwa.

"Kila mnapoikatiza, wanakufa fangasi wanyonge. Wanaobaki ndio sugu, na ndio mnaowapokezana pamoja na tyubu."

Kisha akatueleza kwamba ng'ambo wataalamu wanachunguza ngozi ya chura. Chura hukaa maji machafu na haozi, kwa sababu ngozi yake hutoa vipande vidogo vya protini vinavyomtoboa fangasi, na hata aliye sugu hapati urahisi kuvizoea.

"Audhubillahi!" akasema mamangu.

Nilitazama mlango. Mganga huyu, nikawaza, amevaa koti jeupe tu.

Mamangu akaitazama mikono yake, kisha akamgeukia daktari. "Hiyo ya chura, mwanangu, yapatikana wapi?"

"Bado iko maabara, mama. Si ya leo."

Akapewa vidonge vya wiki nyingi. Harusi haikungoja. Siku ya hina alikaa pembeni, mikono ameifunika kwa leso, akimwelekeza mwanamke wa kukodi wapi aweke ua. Niliona uchungu.

Tuliporudi nyumbani akaniuliza, "Kabla yangu, ile tyubu alikuwa nayo nani?"

Nilikuwa nayo mimi. Choa cha pajani, nikapaka siku nne, nikaitoa kwa moyo mweupe.

"Shangazi," nikasema.

Shangazi alipokuja kututembelea, mamangu alimwekea kikombe chake peke yake.