Waya Chini ya Kichuguu cha Margarita

Jirani yangu, mama aitwaye Afisa, ndiye aliyeniletea habari, tukichota maji. "Huyo Kamisi ya ofisi yenu anachelewesha kompyuta makusudi. Anataka mahindi ilale stoo, ndugu zake ya msituni, wale waasi, wakuje kubeba. Baba yake si alikuwa askari ya serikali ya zamani?"

Mwaka huo wa tisini na saba nilikuwa nikifagia ofisi hiyo ya misaada hapa Koboko, mwanangu Poni mgongoni, na Kamisi nilimwona kila siku. Ndiye aliyetunza seva, kompyuta kubwa iliyohifadhi majina ya watu wa kugawiwa chakula. Karani wa stoo, ng'ambo ya uwanja, aliuliza jina kwenye kompyuta yake, na jibu lilimfikia kwa waya uliozikwa ardhini. Tangu mvua zianze, jibu lilikawia hata mama akamaliza kunyonyesha. Watu waliotoka kijiji cha Midia walishinda juani, wakarudi na magunia matupu.

Kamisi alizima hiki, akawasha kile. Akabadili jenereta, akachomoa kompyuta moja moja. Seva ikabaki nzito. Chai niliyompelekea ilipoa mezani, na suruali yake sasa aliifunga kwa kamba.

Jumatano mkubwa wake, Bwana Adriko, akaja kutoka Arua. "Kamisi, hii kitu yako inatembea kama bibi arusi. Ijumaa nikirudi iko vilevile, wewe unaenda nyumbani. Ao msituni, njia unajua."

Karani akacheka. Kamisi alitazama viatu vyake. Mama yake na watoto walikula kwa kazi ile tu.

Gari la Adriko lilipoondoka, Kamisi alibeba kompyuta ya stoo mpaka ofisini, akaiunga na seva kwa kipande kifupi cha waya. Majina yakaja mbio.

"Kumbe zote ni nzima," akasema polepole. "Mbaya ni waya ya chini."

Akachukua jembe, akaufuata waya uwanjani. Karibu na ua akauvuta: ngozi yake ilikuwa imetafunwa na mchwa, ndani maji. Sehemu mbovu iliendelea chini ya kichuguu, na kichuguu kile ni cha mama mkwe wangu Margarita, tangu ofisi haijajengwa. Mama huyo alikuwa amekwisha kukifagia na kukijengea kibanda cha nyasi, akingoja kumbikumbi watoke awanase kwa chakula. Ukichimba siku hizo, hawatoki tena mwaka ule.

"Mutu akigusa," Margarita akamwambia Kamisi, "atanizika humo humo."

Waya mpya wakubwa wa Arua walikuwa wamekataa kuleta.

Alhamisi jioni Kamisi alinikuta nikianua nepi za Poni. Alichuchumaa chini, mwanamume mzima, jembe magotini.

"Mama Poni, wewe ni mke ya kijana yake. Mimi nimeomba, amekataa. Usimwambie habari ya kazi yangu, usimwambie anihurumie. Niombee tu shimo moja, upande ya ua, nikate waya mbovu niunge kile kipande kifupi, kesho asubuhi kabla gari ya Arua haijafika."