Ugomvi Ulianza Lini

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Uccle, pembezoni mwa Brussels, bila kujua ninakwenda wapi. Siku iliyotangulia mwenye nyumba alinikuta kwenye ngazi akaniambia nihame, eti kuvu iliyoota ukutani nimeileta mimi kwa kupika bila kufungua madirisha. Nikitaka mahakama, alisema, twende: wakili wake analipwa na bima. Mimi nilitaka kubaki. Nimehama sana maishani, lakini kwa kupenda, si kwa kufukuzwa kama paka.

Gari nililiacha, nikatembea mpaka nikajikuta Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Wakongo, saluni kwa mama mmoja wa Lubumbashi ambaye huninyoa.

“Maman, nahitaji avoka,” nilimwambia, nikimaanisha wakili; kwa Kifaransa neno hilohilo ni parachichi.

“Avoka ya kukula ao ya tribunal?” Saluni nzima ikacheka. “Ya kukula iko kwa jirani. Ile ingine, papa, uko na assurance ya motokari na ya nyumba, non? Angalia kama mulitia protection juridique. Donc bao ndio batalipa avoka, hapana weye.”

Nilikuwa nayo, hiyo kinga ya kulipiwa wakili, na kwenye bima zote mbili! Ya gari tangu nilinunue; ya nyumba niliiongeza majuzi tu, baada ya kusoma yale maandishi madogo. Niliacha shule mapema, lakini karatasi hainipiti. Nikatoka pale nikijiona nina mawakili wawili mfukoni.

Ofisini kwa wakala wa bima, binti mmoja alinisikiliza kwa adabu.

“Ya gari ni kwa mambo ya gari, monsieur. Mtu akikugonga akakana, tunakulipia wakili. Mwenye nyumba hajakugonga.”

“Bado kidogo,” nilisema. Hakucheka.

“Ya nyumba ndiyo inayogusa mpangaji na mwenye nyumba. Ugomvi ulianza lini?”

Kwetu ukiulizwa shida yako huanzi katikati. Nikaanza na lile doa la kwanza, dogo kama kifungo cha shati. Nikaeleza nilivyomwita mwenye nyumba, alivyolipaka rangi, lilivyorudi, tulivyorushiana maneno mbele ya majirani msimu mzima wa baridi. Yule binti alikuwa ameacha kuandika.

“Kwa hiyo mlishagombana kabla hujaongeza kinga hii?”

“Mara nyingi!” nilijibu kwa fahari, nikidhani wingi wa magomvi unaipa kesi yangu nguvu.

Akashusha sauti. Bima hailipii ugomvi uliokuwapo kabla yake.

“Lakini nimefukuzwa jana!”

“Ni ugomvi uleule, monsieur.”

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nyumba inayoungua nani ataikatia bima? Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila neno lilinisogeza karibu na mlango. Mwenye nyumba alijikatia kinga yake zamani, siku za amani. Kumlipa wakili mwenyewe nisingeweza. Nikapakia mizigo garini, nikaondoka.

Nilikamata njia ya kwenda mji wa Liège kwa sababu tu foleni yake ilikuwa fupi. Huko nikapata chumba juu ya duka la mikate. Mwenye nyumba mpya, mama wa makamo, alinipa ufunguo.

“Na kule ulikotoka, umehama kwa nini?”

“Kazi,” nilisema. Basi.

Alipokwisha kushuka nilipitisha kiganja nyuma ya kabati. Rangi ilikuwa mpya, na chini yake ukuta ulikuwa na unyevu. Nikasimama pale na koti langu mwilini. Sikumwita, ugomvi usije ukaanza siku hiyo.